Je, Inafaa Kumuuliza Mgonjwa Hali ya Moyo Wake?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, sahaba zake na wote wanaofuata njia yao hadi Siku ya Malipo. Ama baad.



Kumtembelea mgonjwa ni haki ya Mwislamu juu ya Mwislamu mwenzake. Hilo hatuhitaji kufundishwa hapa Songo. Mtu akilazwa hopitali, baada ya Alasiri utakuta kitanda chake kimezungukwa hadi enfirmiye anakosa pa kupita. Tunaleta sabuni, ndizi, na kibakuli cha bugali na ndagala kutoka nyumbani. Tunamuombea dua. Tunamuuliza: Homa imeshuka? Kidonda kinakauka? Usiku umelala? Kisha tunaaga na kwenda zetu, na kila mmoja anahesabu kuwa ametimiza.

Swali la Ijumaa hii ni dogo kwa maneno, lakini zito. Je, inafaa kumuuliza mgonjwa hali ya moyo wake kabla yeye mwenyewe hajasema? Au moyo wa mtu ni baina yake na Mola wake, na anayeugusa anaingia pasipomhusu?

Ninaliuliza kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kushindwa. Palikuwa na mzee mmoja, mtu wa safu ya mbele, aliyekuwa na ugonjwa wa sukari. Mguu wake ulioza, ukakatwa. Nilimtembelea nyumbani mara tatu. Kila mara nilimuuliza, "Mzee wangu, mguu unaendeleaje?" Naye alijibu, "Alhamdulillah, Ustadh, unakauka." Na kweli ulikuwa unakauka. Mara ya tatu, nikiwa nimekwisha simama kuaga, alisema kwa sauti ndogo, "Ustadh, sasa mimi nimekuwa mzigo wa watu." Nikamjibu pale pale, bila hata kukaa, "Usiseme hivyo, Mzee. Huko ni kukosa subira." Akanyamaza. Nami nikahesabu kunyamaza kwake kuwa amekubali.

Alifariki wakati wa masika. Siku za matanga zilipokwisha, mkewe alinionyesha fundo la kitambaa alilolikuta chini ya godoro. Ndani yake mlikuwa na vidonge vya sukari vya wiki nyingi. Kila asubuhi alimwambia mkewe kuwa amemeza. Sitasema mzee yule alikuwa anataka nini, maana hilo analijua Allah peke yake. Ninalolijua ni kwamba alifungua mlango kidogo, na mimi nikaufunga kwa neno la dini.

Ndugu zangu, kuna huzuni ambayo kila binadamu anaipata: mtoto akifa, nyumba ikichukuliwa na maji, kazi ikipotea. Huzuni hiyo huja, huuma, na polepole hupungua. Lakini kuna nyingine inayokaa. Inakaa wiki mbili, mwezi, mwaka. Mtu anakosa hamu ya vitu alivyovipenda. Usingizi unapotea au unazidi. Chakula hakina ladha, mwili unachoka bila kazi, na anajiona hana thamani. Anasoma ukurasa mmoja wa Msahafu na mwishoni hajui alisoma nini. Wengine hufika mahali pa kuwaza kwamba heri wasingekuwepo. Waliosoma kwa Kifaransa huuita depresiyo, na Tanzania wengi huuita sonona. Sisi nyumbani tunasema tu "ana mawazo mengi" au "moyo wake umevunjika", kisha tunaendelea na shughuli zetu. Shirika la Afya Duniani limehesabu kuwa watu zaidi ya milioni 280 duniani wana ugonjwa huu. Basi si ugonjwa wa Wazungu, kama wengine wanavyosema barazani.

Tena haugawanyiki sawasawa. Wenye maradhi mengine ya kudumu ndio unaowapata zaidi. Mwaka 2001 wataalamu walikusanya tafiti nyingi pamoja, wakaona kuwa mwenye sukari yuko karibu mara mbili zaidi katika hatari ya huzuni hii kuliko asiye na sukari. Na ikimpata, dawa anaziacha, kliniki haendi, chakula hakichagui, na sukari inapanda. Huo ndio uliokuwa mlango wa mzee wangu. Hali ni kama hiyo kwa mwenye kifua kikuu anayetakiwa kumeza vidonge miezi sita akiwa ametengwa kwa kikombe na sahani yake, kwa mwenye virusi vya SIDA, kwa aliyepatwa na kiharusi, kwa mwenye saratani, kwa mama aliyejifungua karibuni, kwa mwanamke mwenye fistula, na kwa kijana aliyepigwa risasi akapona mwili. Katika mji wetu ongezeni juu yake vita vya 1996 na vilivyofuata, mafuriko ya mto Mulongwe ya Aprili 2020, na watu waliokuja na mizigo kichwani mwaka 2025 baada ya Goma na Bukavu kutekwa. Mgonjwa wetu wa sukari mara nyingi ni mtu aliyekwisha zika wengi.

Hapo ndipo madaktari wa nchi mbalimbali walipofikia rai hii: mgonjwa wa aina hizo asingojewe mpaka aseme. Aulizwe. Apimwe moyo kama anavyopimwa presha. Kuna karatasi ya maswali 9 inayotumika duniani kote, na fupi yake ya maswali 2 iliyotoka mwaka 2003. Hayo mawili ni mepesi: Katika wiki mbili zilizopita, umekosa hamu au furaha katika kufanya mambo? Umejisikia mnyonge, mwenye huzuni au usiye na matumaini? Akijibu ndiyo, haina maana kuwa tayari ni mgonjwa. Ina maana aulizwe zaidi na ajuaye. Magharibi mwa Kenya wagonjwa 347 wenye virusi vya SIDA walipimwa kwa maswali hayo, na uchunguzi uliotoka mwaka 2009 ulionyesha kuwa yanafaa kwa watu wa upande huu wetu pia.

Sasa turudi kwenye swali, maana wapo ndugu wenye hoja, na hoja zao si za kupuuzwa.

Hoja ya kwanza inasema: Mwislamu wa kweli hapatwi na hayo. Aliye na imani moyo wake umetulia, na kumuuliza kama amekata tamaa ni kumtukana.

Ndugu Waislamu, tumtazame Nabii Yaaqub (a.s.). Sura ya Yusuf inatusimulia kwamba alihuzunika kwa ajili ya mwanawe mpaka macho yake yakawa meupe. Wanawe walimlaumu kuwa hataacha kumkumbuka Yusuf mpaka ajimalize. Yeye akasema kuwa anamshitakia Allah huzuni yake. Wengi wetu tunaishia hapo na kusema: Mnaona, alimshitakia Allah tu! Lakini someni aya inayofuata. Anawatuma wanawe waende wakamtafute Yusuf na nduguye. Mtu yule yule mwenye huzuni ya kupofusha macho anapanga safari. Na huzuni yake hakuificha, aliitamka mbele ya watoto wake. Nani atathubutu kusema kuwa Yaaqub alikuwa na upungufu wa imani?

Mtazameni na Bibi Maryam. Uchungu wa uzazi ulimkuta peke yake, chini ya mtende, hana mkunga, hana mama wa kumshika mgongo, na mbele yake aibu ya watu inamsubiri. Akatamka neno zito: kwamba laiti angekuwa amekufa kabla ya hayo na kusahauliwa kabisa. Ndivyo ilivyo katika sura yenye jina lake. Je, alijibiwa nini? Hakukaripiwa. Hakuambiwa amekosa subira. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito cha maji, akaambiwa atikise mtende ale tende mbivu, na akapewa ruhusa ya kutozungumza na watu siku ile. Maji, chakula, faraja, na kupumzishwa maneno ya watu. Ninapofikiri nilivyomjibu yule mzee, naona haya mbele ya sura hii.

Na Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe, mwaka alipofiwa na Bibi Khadija (r.a.) na ami yake Abu Talib, ulijulikana katika historia kuwa Mwaka wa Huzuni. Katika dua alizozikariri sana mlikuwamo kujikinga kwa Allah na wasiwasi na huzuni. Mtu hajikingi na kitu ambacho hakiwezi kumpata.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo imenisumbua mimi pia. Allah (s.w.) katika Sura ya Al-Hujurat ametukataza kupelelezana. Siri ya mtu ni siri yake. Mwislamu anayemsitiri mwenzake amesifiwa. Basi wewe unayekwenda na maswali yako kwenye kitanda cha mtu, ukamwuliza kama analia usiku, una tofauti gani na mpelelezi? Hapa kwetu watu wana sababu ya kuogopa maswali. Wengi waliandikwa majina mara nyingi, na wanaobeba karatasi, wakauliza wee, wakapiga picha, wakapotea.

Nadhani tofauti ipo, lakini ni nyembamba, na ni lazima tuishike kwa mikono miwili. Mpelelezi anataka kujua jambo ili alitumie kwa faida yake, au kwa kumdhuru mwenyewe, au kwa utamu wa kusimulia tu. Anayeuliza kwa haki anataka kujua ili abebe. Mfano wake ni Salman al-Farisi (r.a.). Mtume (s.a.w.) alikuwa amemuunganisha udugu na Abu Dardaa. Siku moja Salman alikwenda kumtembelea nduguye, akamwona Ummu Dardaa amevaa hovyo, hajijali. Hakugeuza uso akasema hayanihusu. Alimuuliza ana nini. Akajibiwa kuwa nduguyo Abu Dardaa hana haja na dunia. Salman alikaa. Chakula kilipoletwa alikataa kula mpaka mwenyeji wake ale naye. Usiku alimzuia kusimama mapema mno, akamwambia alale, mpaka sehemu ya mwisho ya usiku ndipo wakaswali pamoja. Akamkumbusha kuwa nafsi yake ina haki juu yake, na ahli zake pia wana haki. Habari ilipofika kwa Mtume (s.a.w.), alimsadikisha Salman. Hadithi hii imo katika Bukhari.

Tazameni mpangilio wake. Aliona dalili. Aliuliza. Aliposikia jibu hakuondoka, alilala hapo hapo. Kile alichokijua kilimgharimu usiku mzima. Huo ndio mpaka kati ya kuuliza na kupeleleza.

Imepokewa pia na Abu Daud kwamba Mtume (s.a.w.) aliingia msikitini akamkuta Abu Umama, mtu wa Ansari, amekaa peke yake wakati usio wa swala. Akamuuliza sababu. Akasema ni mawazo na madeni. Akafundishwa dua. Wapo wanazuoni waliosema kuwa mapokezi yake yana udhaifu, nami siwafichi. Lakini habari ya yule aliyekuwa akifagia msikiti ni sahihi: Mtume (s.a.w.) hakumwona, akauliza yuko wapi, akaambiwa amefariki, akawalaumu kwa kutomwarifu, akaenda kumswalia kaburini. Nasi tunao watu ambao hatuwaoni safu ya tatu tangu Ramadhani. Tunasema fulani amelegea siku hizi. Nani ameenda kuuliza?

Ama hoja ya tatu, hii wanaisema hata madaktari wenyewe. Ukiuliza, na jibu likawa ndiyo, una nini cha kumpa? Je, si dhulma kumfunua mtu kidonda na kumwacha hivyo hivyo? Swali hili limewagawa mabingwa wa nchi tajiri. Mwaka 2009 kamati ya Marekani inayotoa ushauri wa kinga ilisema watu wazima waulizwe ikiwa tu kuna watumishi na mpango wa kuwahudumia watakaogunduliwa. Mwaka 2013 kamati ya Kanada ilikwenda mbali zaidi, ikashauri kutowauliza watu kwa utaratibu wa jumla, hata walio katika hatari zaidi, kwa kukosa ushahidi kuwa kuuliza peke yake kunawafaidi. Ikiwa Kanada yenye madaktari wote wale inasita, sisi tuna nini? Madaktari wa akili katika nchi yetu ni wachache mno. Iko hopitali ya SOSAME huko Bukavu, na iko ile ya Kamenge ng'ambo Bujumbura. Kufika huko kunataka nauli, njia salama na mpaka ulio wazi, na wenyeji wa Uvira tunajua kwamba vitu hivyo vitatu havikutani kila mwezi.

Naikubali hoja hii nusu. Naikubali kwamba kuuliza kunazaa deni. Asiyetaka kulipa asiulize, aendelee kuleta ndizi. Lakini siikubali kwamba hatuna cha kulipa, na hapa nitakaa kidogo, maana mifano iko karibu na sisi.

Uganda, upande wa Masaka na Rakai ambako SIDA iliwamaliza watu, watafiti waliingia vijijini. Kwanza waliwasikiliza wenyeji wanaitaje hali hii. Waganda walikuwa na majina yao: moja la mtu anayejichukia, jingine la mtu anayejihurumia mno. Kisha vijiji 30 viligawanywa. Katika baadhi, wenye huzuni walikaa kwa vikundi mara moja kwa wiki, wiki 16, wakiongozwa na watu wa kawaida waliofunzwa kwa muda mfupi, si madaktari. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: kati ya waliokaa kwenye vikundi, waliobaki na ugonjwa walikuwa chini ya 7 kwa 100. Kati ya wasiokaa, zaidi ya 50 kwa 100.

Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda aliwafunza bibi wazee wa mitaa ya Harare kukaa kwenye benchi nje ya kliniki, kuuliza maswali 14 kwa lugha ya Kishona, na kumsaidia mgonjwa atatue tatizo moja baada ya jingine. Walipochunguzwa watu 573, uchunguzi uliotoka 2016, waliokaa na bibi walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Na karibu 42 kwa 100 ya watu wale walikuwa na virusi vya SIDA.

Na hapa hapa kwetu, Kivu ya Kusini na Kivu ya Kaskazini, wanawake 405 wa vijiji 15 waliofanyiwa ukatili walishiriki katika uchunguzi uliotoka mwaka 2013. Waliowaongoza ni wanawake Wakongomani waliofunzwa, hakuna hata mmoja aliyekuwa daktari wa akili. Miezi sita baada ya vikundi kwisha, waliobaki na dalili za huzuni nzito au hofu walikuwa 9 kwa 100. Katika vijiji vilivyopata msaada wa mtu mmoja mmoja tu bila vikundi vile, walikuwa 42 kwa 100. Wanawake wale waliishi katika nchi ile ile yenye vita. Wengi hawakujua kusoma.

Sisemi kwamba kila mwenye kanzu sasa ni mganga wa moyo. La. Wale wote walifunzwa na walisimamiwa. Kazi yetu iko kabla ya hapo: kuuliza, kukaa, kurudi, na kumsindikiza mtu kwenye kituo cha afya mpaka mlangoni na ndani. Dawa za ugonjwa huu zipo, na daktari wa kawaida anaweza kuziandika. Wahenga wetu hawakuiona kazi hii kuwa ngeni. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya afya ya mwili na ya nafsi pamoja, akatofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyo na sababu ya wazi. Mwaka 1284 Sultan Qalawun alijenga hopitali Cairo iliyokuwa na mahali pa wagonjwa wa akili. Hawakuona kwamba kumtibu mtu huzuni kunapunguza tauhidi yake.

Neno juu ya ruqya. Kumsomea mgonjwa Qur'ani ni jambo jema na tunalifanya. Lakini tumewaona watu wakimwachisha mgonjwa vidonge vya kifua kikuu au vya SIDA ili asomewe majini siku arobaini, na wengine kumfunga kamba. Mtume (s.a.w.) ametuamuru tujitibu. Anayemsomea mgonjwa amsomee, na vidonge avimeze saa yake.

Basi namna ya kuuliza. Msiulize mkiwa kumi kitandani. Aende mmoja, au wawili, na kina mama wawaendee kina mama. Ulizeni mguu kwanza, au homa, kama kawaida. Kisha kaeni chini. Mimi nilikuwa nimesimama, na nadhani hilo lilitosha kumwambia mzee wangu kuwa sina muda naye. Mwulizeni kwa maneno ya nyumbani: Na moyo, unaendeleaje? Vile vitu ulivyovipenda bado unavipenda? Akisema Alhamdulillah, msiishie hapo haraka. Alhamdulillah ni neno la kushukuru, nasi tumeligeuza kuwa pazia. Akisema amechoka, msijibu. Subirini. Kama ana neno la pili, lisikieni.

Na kama dalili ni nzito, mwulizeni waziwazi kama anafikiri kufa au kujidhuru. Wengi wanaogopa kwamba kuuliza hivyo kutamtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Waliolichunguza jambo hili hawakuona hivyo. Mara nyingi mtu hupata nafuu kwa sababu hatimaye kuna mtu anayeweza kulisikia. Akisema ndiyo, msimwache peke yake, ondoeni karibu naye vitu vya kudhuru, mpelekeni hopitali siku hiyo hiyo, si kesho. Wala msianze kumhutubia juu ya moto. Kujiua ni haramu, naye anajua. Katika Sahihi Muslim imo habari ya mtu aliyehama pamoja na Tufayl bin Amr, akashindwa na maumivu ya ugonjwa akajidhuru hata akafa. Mtume (s.a.w.) alimuombea dua. Familia iliyofikwa na msiba kama huo katika kartiye yetu isisikie kutoka kwetu neno gumu kuliko lile alilolisema Mtume.

Mwisho ni siri. Alichokuambia mgonjwa ni amana. Si cha kusimuliwa kwenye kahawa, wala kwa mke wako, wala kuombewa dua msikitini kwa kutaja jina. Siku moja tu siri moja ikitoka, hakuna mgonjwa wa Songo atakayetujibu tena.

Halmashauri ya jumuiya imekubali kwamba kazi hii ianze na wagonjwa wa sukari, wa kifua kikuu, na kina mama waliojifungua karibuni. Itaombwa hopitali itupe mtu wa kutufunza kabla hajatembelewa mtu yeyote. Wanaume wanaotaka kuingia wabaki leo upande wa mihrabu baada ya swala. Kina mama watakutana Jumapili baada ya Adhuhuri, madrasa. Anayemjua mgonjwa asiyetembelewa, au mtu aliyekuwa akija msikitini na sasa haji, asiandike jina lake kwenye karatasi. Amwambie imamu kwa mdomo.

Wabillahi tawfiq.